Kesi ya Mabati na Maneno Niliyoyameza

Nasimiyu mwanangu,

Umetoka kwenda Lubaga kuwaaga wanakwaya wenzako, na nawajua, mkishaanza soga hamuachani kabla jua halijazama. Nimefunga mlango wa mbele ili jirani asije kuniomba sukari, nikakaa hapa mezani, karibu na sanduku lako. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume. Hayo tumeyasema mpaka umechoka. Juzi nilikuona ukizungusha macho. Kesho asubuhi unakwenda kuwa hakimu katika mji ule wa mpakani, mji nilioishi nawe ukiwa mchanga, na kuna jambo kuhusu mahakama hiyo hiyo ambalo sijawahi kukuambia. Linamhusu mtu aliyekaa kwenye kiti hiki Jumapili iliyopita, akala kuku wangu, akakuita "binti yetu" mbele ya wageni wote.

Jina lake siliandiki. Unalijua, lipo chini ya ile barua ya sifa uliyoiambatanisha na maombi yako ya kazi. Mimi nimemwita kwa vyeo vitatu: Mwenyekiti, halafu Mheshimiwa, na sasa Bwana Jaji. Kila alipopanda nilikuwa karibu nikitazama, na kila alipopanda nilimwombea aanguke. Usishtuke. Mama yako huyu anayeshika rozari kila Ijumaa amemwombea mtu mmoja mabaya kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa hilo sioni haya. Haya yangu iko mahali pengine, nitafika.

Babu yako alitoka Kenya na reli, kama unavyojua, na sisi tukakulia kwenye nyumba za reli hapa Nsambya, Kiswahili ndani, Kiganda nje, Kiingereza kwa masista. Vita vilipokwisha, mahakama zilikuwa zikitafuta wakalimani kwa tochi, maana wa zamani walikuwa wamekimbia au wamekufa. Nikaajiriwa, nikapelekwa mpakani. Wewe ulikuwa na miezi mitano na kifua kibovu. Baba yako alikuwa amekwenda Bungoma kwa wiki moja, na wiki hiyo bado haijaisha.

Nikueleze kazi ile ilivyokuwa, maana kesho kutwa utaikuta. Shahidi anasema kwa lugha yake. Mkalimani anageuza kwa Kiingereza. Hakimu anaandika kwa mkono, neno kwa neno, kile anachoambiwa na mkalimani. Hakuna mashine, hakuna mtu wa pili. Shahidi anaweza kulia, kuapa, kutaja mahali na mtu. Kama mimi sikusema, hakimu haandiki, na jalada likienda rufaa Kampala linakwenda bila hayo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na uwezo huo ulikuwa mdomoni mwangu. Nilijiona mtu mkubwa.

Yeye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa baraza la wilaya. Mwanasheria kijana, mrefu, suti ya kahawia, anajua majina ya watoto wa kila mtu mjini. Hata wewe alikujua. Alikuwa akisimamisha gari akiniona njiani, anauliza, "Kifua ya mtoto iko namna gani?" Nami nafurahi siku nzima. Nakwambia hivyo ili usidhani alikuja na pembe kichwani.

Yakaja mabati. Yalikuwa msaada wa kuezeka shule iliyoungua vitani, yakafungiwa kwenye ghala la wilaya. Mtunza ghala alikuwa Yokana, mume wa Robina. Ndiyo, Robina huyo huyo wa Kasubi anayekuletea ndizi. Nilikwambia tulifahamiana sokoni hapa Kampala. Nilikudanganya. Robina alikuwa jirani yangu kule mpakani na ndiye aliyekulea kila siku nilipokuwa mahakamani. Ulijifunza kukaa kwenye mkeka wake.

Mabati yakaibwa, Yokana akakamatwa kwa sababu ndiye aliyekuwa na funguo. Lakini funguo zilikuwa seti mbili, na ya pili ilikuwa ofisini kwa Mwenyekiti. Kulikuwa na shahidi mmoja aliyeona, mama Mkongo aliyekuwa akiuza vitenge mbele ya ghala, tukimwita Mama Furaha. Aliona Jumapili mchana, watu wakiwa kanisani. Mama Furaha hakujua lugha nyingine ila Kiswahili chake cha Kongo. Hakimu alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, Kiswahili kwake kilikuwa cha kuomba chai tu. Kwa hiyo kesi nzima ya Yokana ilipita kwangu.

Siku moja kabla ya ushahidi, Mwenyekiti aliniita ofisini. Alinipa soda. Akasema, "Wewe mama, hii kazi ya huku inakuumiza. Mtoto mgonjwa, bibi yake iko Nsambya, hospitali iko Nsambya. Mimi naweza kuongea na watu, unarudi Kampala."

Nikamshukuru.

"Kesho huyo mama Mkongo atasema maneno mingi. Watu wa soko wanapenda kuongea. Ingine iache. Yokana hawezi kufungwa, mimi nitaongea na hakimu, atalipa faini kidogo, anaenda nyumbani. Lakini jina yangu ikiingia kwa kitabu ya hakimu, hii wilaya yote inaharibika. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikubali kwa ajili ya kifua chako. Nimelikataa hilo leo, na wewe usilibebe hata siku moja. Kifua chako kilikuwa kinapona kwa mafuta ya Robina. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka na vumbi la mji ule, na kwa sababu mtu mkubwa alikuwa amenihitaji, na nilipenda kuhitajiwa.

Kesho yake Mama Furaha akapanda kizimba cha mashahidi, akaapa, akasema kwa sauti ya kuitia wateja. "Nilimuona shefu mwenyewe. Alikuwa na fungulo mu mukono yake, anafungua mulango, wanapakiza mabati mu kamyo. Yokana hakukuwa pale. Nasema shefu, ule anakaa pale mbele."

Alinyoosha na kidole. Mwenyekiti alikuwa amekaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu. Hakimu akanigeukia na kalamu yake. Nami nikasema kwa Kiingereza kwamba shahidi aliona watu wakipakia mabati kwenye lori lakini hakuwatambua. Hakimu akauliza kidole kile kilikuwa cha nini. Nikasema anaonyesha upande ghala liliko. Akaandika.

Utauliza, hapakuwa na mwingine aliyejua Kiswahili? Walikuwepo tele. Mwendesha mashtaka alikuwa polisi, Kiswahili kilikuwa mkate wake. Aliinama akatafuta kitu chini ya meza mpaka nilipomaliza. Watu wa benchi walitazama miguu yao. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na kila mtu alikuwa amejifunza kutosikia.

Yokana alipewa miaka minne. Si faini. Mwenyekiti hakuongea na hakimu wala na nani. Barua yangu ya uhamisho ilifika mwezi uliofuata, na siku ya kuondoka nilimwambia Robina nakwenda kumsalimia mama yangu, nitarudi Jumatatu. Alikufungia ndizi mbivu za njiani.

Sasa sikiliza alichofanya na kesi ile. Ulipofika wakati wa kugombea ubunge, alizunguka wilaya nzima akisema ni yeye aliyemkamata mwizi wa mabati. Nilimsikia redioni nikiwa napika wali, hapa hapa Nsambya: "Mimi sikuogopa mtu! Mwizi ya shule yenu iko jela sababu yangu!" Watu wakapiga makofi. Akawa Mheshimiwa. Yokana alikuwa bado ndani, na jina lake lilikuwa limefanywa wimbo wa kampeni. Nilizima redio, wali ukaungua, na kuanzia siku hiyo nilimchukia kwa moyo mmoja.

Alikaa bungeni, akanenepa, akasahau kurudi kwao, na wenye kura wakamtupa. Nilicheka siku mbili. Nilidhani yamekwisha. Wengine wakishindwa hupewa pole; yeye alipewa joho. Walikumbuka kwamba aliwahi kuwa mwanasheria, wakamfanya jaji, na nani alikuwa mkalimani katika mahakama aliyopangiwa hapa Kampala? Alinitazama siku ya kwanza, akatabasamu, akasema, "Mama Nasimiyu, Mungu ni mkubwa." Nami nikainama, maana ndivyo kazi inavyotaka.

Miaka kumi na moja nimekaa chini ya kiti chake. Kila mwizi aliyeletwa alihubiriwa. "Mimi nilikuwa mwenyekiti, mimi nawajua wezi." Alisema kwa Kiingereza, na mimi nikalazimika kuyageuza kwa mdomo wangu mwenyewe, nikimtazama kijana wa watu usoni. Kisasi changu kilikuwa kidogo, kisasi cha mtu mdogo. Yule bwana anapenda utani. Akitoa kichekesho, anangoja mkalimani aseme ili watu wacheke. Mimi kila kichekesho chake nilikigeuza kikiwa kimepoa kama ugali wa jana. Nilikisema kwa usahihi, bila kuacha neno, bila chumvi. Mahakama nzima kimya. Anameza mate, anafungua jalada. Miaka kumi na moja mtu yule hajawahi kuchekesha Mswahili hata mmoja, na hajui kwa nini. Hilo nalo nimelifurahia na bado nalifurahia.

Yokana alitoka jela na kikohozi, akafa kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Robina akaja Kampala kwa dada yake, akafungua kibanda Kasubi cha sabuni, mkaa na ndizi. Nilikutana naye huko kwa bahati nilipokwenda kwenye msiba. Alinitambua yeye kwanza. Aliuliza habari zako kabla ya zangu. Basi nikawa nakwenda kila Jumamosi, nanunua mkaa ambao sikuuhitaji, ndiyo maana stoo yetu imejaa magunia na wewe hunicheka. Hakuniuliza kitu, nami sikusema kitu, na nilijidanganya kwamba hajui.

Wewe ulipoingia kusoma sheria nilifikiri Mungu amenipa silaha. Nakwambia ukweli wangu mbaya: nilikulea kidogo kama panga. Nilisema mwanangu atapanda, siku moja atakaa juu yake, atamvua joho. Badala yake ukaenda kufanya mazoezi ya kazi ofisini kwake, ukampenda. Uliporudi nyumbani ukisema anavyofundisha kwa uvumilivu, nilikuwa nakata vitunguu ili nipate sababu ya machozi. Sikukuambia kwa sababu kukuambia yake kulitaka nikuambie yangu.

Jumapili akaja. Nilipiga magoti nikampa sahani, kama tunavyofanya hapa. Akasimama akatangaza kwamba anatajwa kupelekwa mahakama ya juu, na kwamba wewe unakwenda kukaa katika mahakama "ambayo mimi nilianzia kupambana na wezi." Alisema hayo nyumbani kwangu, mdomo ukiwa na mafuta ya kuku wangu, nami nikiwa nimesimama na jagi. Wewe ulipiga makofi. Sikulaumu, ulikuwa hujui. Lakini nilijua kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho mtu huyo kusema neno hilo mbele yangu.

Jumatatu nikaandika maelezo, kurasa nne. Nikaandika soda, nikaandika ahadi, nikaandika kila alichosema Mama Furaha na kila nilichoacha. Nilifurahi nikiandika, mwanangu, sitaki kukuficha. Nilimwona kichwani mwangu akisoma. Jana nikaichukua karatasi ile mpaka Kasubi, nikamwomba Robina afunge kibanda kidogo, nikamsomea yote kwa Kiswahili. Nilitegemea alie, au anipige. Alikuwa akipanga sabuni. Akazipanga mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Na maji?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Hapo hakuna maji, nnyabo. Umeandika yeye, yeye, yeye. Maji iko wapi?"

Sasa nimefika kwenye haya yangu. Siku ile, nilipomaliza kumgeuzia hakimu maneno ya Mama Furaha, Yokana aliinua mkono kizimbani. Yeye Kiswahili alikijua vizuri na Kiingereza cha kuhesabu magunia, kwa hiyo alikuwa amesikia nilichoacha. Akasema kwa Kiswahili, kwa adabu, "Mheshimiwa, huyo mama amesema zaidi. Ametaja mtu." Hakimu akanigeukia: mshtakiwa anataka nini? Sikuwa nimepangwa kwa hilo. Mwenyekiti hakuwa ameniambia niseme nini likitokea hilo, ile ilikuwa yangu peke yangu, kutoka kichwani mwangu. Nikasema, anaomba maji.

Hakimu alikuwa mtu mwema. Akaagiza aletewe. Askari akaleta kikombe cha plastiki cha kijani, akampa. Yokana akanitazama, akatazama kikombe, akanywa. Hakuinua mkono tena.

"Mimi nilikuwa pale nyuma," Robina akaniambia jana. "Na huyo Nasimiyu wako nimemfunga mgongoni. Yokana aliniambia kule jela. Alisema, kama Mwenyekiti ameniuza, hiyo ni siasa. Lakini Mama Nasimiyu amekula kwangu, na amenipa maji."

Nikamwuliza kwa nini alinipokea Jumamosi zote hizo.

"Nilikuwa nangoja useme. Kila wiki nasema, leo atasema. Unanunua makaa, unaenda." Akanirudishia karatasi zangu. "Wewe unataka huyo mwanaume aanguke. Hata mimi nataka, banange, nataka sana. Lakini hii barua, yeye anaanguka, wewe unabaki unasimama juu. Andika maji. Ukiandika, mimi nakuja kuweka kidole yangu."

Nikaandika pale pale juu ya gunia la mkaa. Leo asubuhi tukaenda wote wawili, yeye na gauni lake la gomesi la Pasaka, mbele ya wakili wa viapo, kisha tukapeleka hati kwa tume inayowachunguza majaji. Wamepiga muhuri, nakala iko kwenye bahasha hii. Kwa hiyo, Nasimiyu, sikuombi ruhusa wala ushauri. Limekwisha fanyika, na nililifanya kabla hujaondoka kwa makusudi, ili usifike kule ukalisikia kwa watu.

Najua nimekuharibia. Nimekesha na hilo wiki nzima. Watasema hakimu mpya ni mtoto wa mkalimani mwongo aliyependekezwa na jaji mwizi. Mtihani wa usaili uliufaulu mwenyewe, hilo lina alama zake na hakuna wa kuzifuta. Lakini barua yake ya sifa, iandikie maombi iondolewe kwenye jalada lako, wewe mwenyewe, kabla hawajakuuliza. Hilo ndilo agizo la pekee nitakalokupa.

Atakupigia simu. Atakupigia wewe kabla yangu, kwa sauti ile ya kuulizia kifua. Atasema mama yako amezeeka, ana uchungu wa cheo, amechanganyikiwa. Kuhusu uchungu atakuwa amesema kweli. Sijamsamehe na sina mpango huo. Nataka nimwone akivuliwa lile joho mbele ya watu aliowahubiria, na nikiona hivyo nitakula vizuri siku hiyo. Kama kuna mahali pa kutubu hasira hiyo, nitapelekwa huko baadaye. Kwa sasa bado ninaihitaji.

Kule utakapokaa, atakuja siku moja mtu kizimbani atainua mkono, na mkalimani atakwambia jambo dogo: anaomba maji, anaomba kwenda haja, anasema asante. Huenda ni kweli, mara nyingi ni kweli. Mimi nilikuwa na uso mzuri, sauti ya upole, na nilikuwa nimeapa asubuhi ile ile. Sijui nikufundishe nini juu ya hilo. Labda utazame uso wa anayekunywa.

Huenda nikashtakiwa. Kiapo cha uongo hakiozi, wewe unaijua sheria kuliko mimi. Kama itakuwa hivyo, watanisimamisha mahali aliposimama Yokana, au mahali kama pale. Usinitafutie wakili miongoni mwa rafiki zako. Usimpigie mtu yeyote simu. Ukipata ruhusa ya kazi, njoo na nguo za kawaida, na ukiingia usikae upande wangu. Robina atakuwa kwenye benchi la nyuma. Kaa naye, na ukinitazama, nitazame kutoka hapo.

Aliyekuzaa na hakukuambia mapema,
Mamako